Picha ya Ndege Nayo ni Ushahidi

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya upili, ambayo sitaitaja jina, niwe mwamuzi wa mashindano ya picha yaliyoandaliwa na chama cha wanafunzi wapendao wanyamapori. Picha zilikuwa zimebandikwa kutani mwa maktaba, na wanafunzi kwa walimu walipita mbele yake wakinong'onezana. Iliyowavutia wote ilikuwa picha ya furukombe wa Ziwa Naivasha. Ndege huyo alikuwa amenyoosha makucha, mbawa zimekunjuka, matone ya maji yametapakaa hewani kama shanga zilizokatika uzi, na samaki amekwisha kamatwa. Chini yake kijana aliyeipiga alikuwa ameandika kwa wino mweusi: "Furukombe akiwinda."

Nilimwita kijana huyo kando nikamwuliza jinsi alivyoipata. Hakuficha neno. Alisema kwamba walipokodi mashua, nahodha alinunua samaki kwa wavuvi, akamtia kipande cha bua la mafunjo mdomoni ili asizame, akapiga mbinja, kisha akahesabu moja, mbili, tatu, na kumrusha samaki majini. Furukombe, ambaye ameizoea mbinja hiyo kama mtoto wa bweni alivyoizoea kengele ya chakula, alishuka kutoka mtini, na kamera zote mashuani zikalia kwa pamoja.

"Kila mtu hufanya hivyo, mwalimu," aliniambia kwa adabu.

Alisema kweli. Mtindo huo umeenea Naivasha na Baringo kwa miaka mingi, nami sina haki ya kujifanya mtakatifu. Picha yangu mwenyewe ya furukombe imetundikwa sebuleni kwangu tangu nilipokuwa kijana, na kila mgeni aliyeisifu nilimwachia aamini kwamba nilimvizia ndege yule tangu alfajiri. Kwa hiyo haya niyaandikayo si hukumu juu ya mwanafunzi yule peke yake. Swali ninalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzangu, na mbele ya wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, ni hili: picha ya namna hiyo ina ubaya gani, na tuwafunze nini vijana wetu badala yake?

Kabla sijajibu, niruhusuni niwaeleze habari ya picha ya pili. Ilikuwa imebandikwa pembeni, karibu na mlango, mahali ambapo mtu huipita akitafuta pa kutokea. Msichana mmoja aliipiga akiwa ndani ya kayaki katika Hori ya Mida, karibu na Watamu. Ilionyesha vitwitwi wapatao ishirini kwenye tope, wadogo, wasio na rangi za kujivunia. Wengine walikuwa wakidonoa. Wengine walisimama kwa mguu mmoja, midomo yao imefichwa katika manyoya ya mgongo, wamelala. Baadhi ya wanafunzi walicheka wakasema kwamba hiyo ni picha ya matope. Mimi nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, kwa sababu ninajua jinsi ilivyo vigumu kumkaribia ndege wa pwani aliye macho, seuze kumkaribia bila kumwamsha aliyelala.

Wasomaji wa bara huenda hawaijui Mida. Ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu katika Kaunti ya Kilifi, umepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, nao umo katika eneo la bahari la Watamu lililotengwa kuwa hifadhi mwaka wa 1968. Kandokando yake imeota mikoko ya kila namna: mkoko wenyewe wenye mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui, mchu ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli ili ivute hewa, mkandaa na mlilana. Maji yanapokupwa, tope hubaki wazi eneo kubwa, limejaa kaa, minyoo na konokono. Hapo ndipo mahali pa karamu ya ndege wahamao. Kuanzia mwezi wa Agosti huwasili vitwitwi waliozaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, na huondoka mwezi wa Aprili au Mei. Huja pia ndege mla-kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, ambaye huzaliana kwenye fuo za Bahari ya Shamu, za Uarabuni na za Ghuba, tena kwa namna ya ajabu: huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe.

Mara ya kwanza nilipofika Mida nilikuwa na kamera ya filamu na kiburi kingi. Niliazimwa kayaki, chombo chembamba cha mtu mmoja, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Mzee mmoja mvuvi alikubali kunifuata kwa mtumbwi wake ili nisipotee kwenye vijito vya mikoko. Nilipoliona kundi la mla-kaa kwenye fungu la mchanga, nilipiga kafi moja kwa moja kuwaelekea. Waliruka. Walipotua nikawafuata, nao wakaruka tena. Mara ya tatu mzee aliniita.

"Mwalimu," alisema, "ndege hao umewafukuza mara tatu. Wametoka mbali, na wana safari mbele yao. Kila warukapo wanakula akiba yao. Maji yakijaa hawana pengine pa kusimama. Sasa liweke kafi lako ndani, uache maji yakupeleke."

Niliona haya, kwa kuwa mzee yule hakunena kwa ukali. Nililiweka kafi magotini. Maji yalikuwa yakijaa polepole, yakakisukuma chombo ubavuubavu kuelekea kwenye fungu. Nilipoona ndege mmoja ameinua kichwa, nilitia ncha ya kafi majini ili nisimame. Alipoendelea kula, nami niliendelea kuelea. Haikupita nusu saa nilikuwa karibu kuliko nilivyofika kwa kuwafukuza, na hakuna aliyeruka. Bahati mbaya katika mkanda wangu wa picha thelathini na sita nilikuwa nimekwisha maliza zaidi ya thelathini kwa migongo ya ndege wanaokimbia. Zilizobaki ndizo picha pekee za siku ile ambazo ningali nazo.

Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba kayaki, au mtumbwi mdogo wa aina yoyote, ni mwalimu mzuri wa mpiga picha. Kwanza, humketisha chini. Mtu asimamaye mashuani humtazama ndege kutoka juu, na ndege huona umbo la binadamu analoliogopa. Mtu aliyeketi ndani ya kayaki macho yake huwa karibu na usawa wa maji, na picha humwonyesha ndege katika dunia yake mwenyewe, si kama kitu kilichoangushwa sakafuni. Pili, humnyamazisha. Hakuna mtambo wa kunguruma wala moshi. Tatu, humlazimisha kujua mambo. Asiyejua saa za maji kujaa na kupwa atakwama topeni akiwa na kamera yake kifuani. Asiyejua upepo wa kusi na wa kaskazi atasukumwa asikotaka. Asiyejua jua liko upande gani atarudi na vivuli vitupu. Nne, humfunza kiasi, maana katika chombo chembamba hakuna nafasi ya vifaa vingi, na chumvi ya bahari haina huruma kwa kamera isiyofunikwa.

Si ajabu kwamba chombo hiki kina tabia hiyo, kwa kuwa kilibuniwa na wawindaji. Wainuit wa Greenland, kaskazini ya Kanada na Alaska walikiunda kwa fremu ya mbao zilizoletwa na maji au ya mifupa, wakaivika ngozi za sili, ili wawakaribie wanyama wa baharini bila kusikika. Wala hatuna haja ya kwenda hadi kwenye barafu kutafuta mfano. Wailchamus wa Baringo kwa muda mrefu wameunda vyombo vyepesi kwa kufunganya mashina ya mti laini uotao kando ya ziwa, na mvuvi huketi ndani yake akiwa karibu kugusa maji. Babu zetu waliijua hekima ya kuketi chini na kungoja. Methali yetu husema kwamba subira huvuta heri, na katika kazi hii usemi huo si pambo la insha.

Historia ya upigaji picha wa wanyamapori nayo ilipitia ndani ya mtumbwi. Mwanasheria mmoja Mmarekani, George Shiras, alikuwa mwindaji wa kulungu katika jimbo la Michigan. Miaka ya 1890 aliiweka bunduki kando akashika kamera, akawa anapita usiku kando ya ziwa kwa mtumbwi wenye taa mbele, akiwapiga picha wanyama waliokuja kunywa maji. Njia hiyo ya taa aliichukua kutoka kwa wawindaji. Mwezi wa Julai mwaka wa 1906, jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Shiras alikuwa pia mbunge kuanzia 1903 hadi 1905, na mwaka wa 1904 aliwasilisha mswada wa kuwalinda ndege wahamao, hatua iliyosaidia kuandaa njia ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 1918. Mbinu zake zilikuwa na kasoro. Mwanga wake wa ghafla uliwashtua wanyama, na baadhi ya picha zake mashuhuri zinaonyesha kulungu wakiruka kukimbia. Hata hivyo hakuficha alivyozipiga, na watazamaji walijua wanachokitazama.

Hapa ndipo tunapolirudia swali letu. Ubaya wa picha ya furukombe hauko katika samaki mmoja aliyerushwa majini. Uko katika maneno mawili yaliyoandikwa chini yake. Furukombe yule hakuwa akiwinda. Alikuwa akipokea. Mtoto wa Busia au wa Garissa ambaye hajapata kufika Naivasha ataitazama picha ile aamini kwamba ameuona uwindaji, ilhali ameona mchezo uliopangwa na watu kwa ajili ya watu. Na kijana aliyeipiga amejifunza jambo baya zaidi, kwamba viumbe vya porini vinaitika mbinja, na kwamba uzuri wa nchi yake unaweza kuagizwa kama chai hotelini.

Huenda mwalimu mmoja akasema kwamba ninakuza jambo dogo, kwa kuwa picha ni burudani tu. Nasema sivyo. Picha ya asili ni ushahidi, na siku moja ushahidi huo utahitajiwa. Nitatoa mifano miwili. Mwaka wa 1970 waliletwa Ziwa Naivasha kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani. Mayungiyungi yaliyokuwa yamelitanda ziwa yakapungua mno katika miaka iliyofuata, na kamba hao wamo miongoni mwa waliolaumiwa. Atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake Naivasha ilivyokuwa, hana budi kutafuta picha za zamani. Mfano wa pili ni Baringo, ambako maji yalianza kupanda karibu mwaka wa 2010, na kufikia mwaka wa 2020 yalikuwa yamemeza mashamba, nyumba, na hata shule. Aliyeupiga picha ufuo ule kabla ya mafuriko, hata kwa kamera duni, ameacha kumbukumbu ambayo hakuna fedha ziwezazo kuinunua leo. Lakini picha hizo zina thamani kwa sababu moja tu: tunaziamini. Siku tutakapozoea kwamba kila picha nzuri huenda imetengenezwa, hatutaweza tena kuthibitisha kilichokuwapo na kilichopotea. Na siku hizi, ambapo tarakilishi huweza kumchora furukombe asiyepata kuishi, jambo hilo linazidi kuwa zito.

Zipo hoja nyingine ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza ni ya nahodha. Huyo ana watoto wa kulisha, na mgeni huja na saa mbili tu za kuona kila kitu. Sitaki anyimwe riziki. Ninachotaka ni tumlipe kwa kile anachokijua. Nahodha wa Naivasha anajua furukombe gani ana kiota, mti upi, na saa ngapi ndege huyo hushuka kuwinda kwa hiari yake. Elimu hiyo ina bei kubwa kuliko samaki mmoja. Mida imetuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka wa 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango uitwao ASSETS, ambao hutumia fedha za wageni wapitao kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, kuwasaidia wanafunzi wa upili kutoka jamii zinazouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke kulipa karo. Hapo ndege hawarushiwi chochote. Mgeni hulipa ili angoje, na mtoto huenda shule.

Hoja ya pili ni hatari, nayo ni ya haki. Kayaki haifai kila mahali. Naivasha kuna viboko, Baringo kuna viboko na mamba, na kumpeleka mtoto huko kwa chombo kidogo ni kumtuma kwenye mauti. Hata pale Mida pasipo wanyama hao, mwanafunzi asiingie majini bila jaketi ya kujiokolea, bila mwenyeji ajuaye mikondo, na bila idhini ya wazazi na ya wasimamizi wa hifadhi. Shule isiyoweza kutimiza hayo na ikae ufukoni. Mafunzo ya kayaki hufuatwa hata pasipo kayaki. Mtoto wa Kisumu anaweza kuketi kwenye majani kando ya bwawa, mtoto wa Nyeri kando ya kijito, na mtoto wa Nairobi chini ya mti mmoja wa uwanja wa shule, akangoja kimya hadi ndege amsahau.

Hoja ya tatu ni umaskini. Shule nyingi hazina kamera, na nyingi haziruhusu wanafunzi kubeba simu, jambo ambalo silipingi. Lakini simu moja ya mwalimu, ikitumiwa kwa zamu siku ya chama, yatosha kuanzia. Tusisahau kwamba vyama vya wanyamapori vya shule za Kenya vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka wa 1968, na zama hizo ni wachache waliokuwa na kamera. Walikuwa na macho na daftari.

Basi nawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu. Kila picha iingiayo katika mashindano ya shule iandamane na maelezo mafupi: mahali, tarehe, saa, na namna ilivyopigwa. Ikiwa mnyama aliitwa, alilishwa au alishtuliwa, hayo nayo yaandikwe. Pili, waamuzi watoe alama kwa elimu iliyomo katika picha, si kwa mvuto wake tu. Tatu, mwanafunzi aulizwe jina la kiumbe alichokipiga kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa maana majina haya yanakufa pamoja na wazee wetu. Ni aibu kwamba wengi wetu huwataja ndege wetu kwa Kiingereza, kisha tukakwama tukiulizwa furukombe ni nani, mnandi ni yupi, na heroe anafanana na nini. Mtaala unaozingatia umilisi unatutaka tuwafunze watoto kwa kutenda. Hii ni kazi moja inayounganisha sayansi, jiografia, lugha na maadili, na gharama yake kubwa ni subira.

Nanyi wanafunzi, msivunjike moyo kwa kuwa picha zenu hazifanani na zile za kalenda. Picha ya kitwitwi mdogo topeni, iliyopigwa bila kumwamsha, ina heshima yake. Ndege yule ametoka Siberia. Kumwacha alale ni sehemu ya ustadi wenu.

Mtataka kujua niliamua nini siku ile. Zawadi ya kwanza nilimpa msichana wa Mida, na baadhi ya watu hawakufurahi. Mwalimu mmoja aliniambia wazi kwamba nimeiacha dhahabu nikaokota udongo. Nilimwomba aitazame tena, tena kwa utulivu, nikamweleza maana ya ndege kulala mbele ya binadamu. Sina hakika kama nilimridhisha. Yule kijana wa furukombe hakukasirika. Kabla sijaondoka aliichukua kalamu yake, akayafuta maneno ya awali, akaandika: "Furukombe akichukua samaki aliyerushiwa na nahodha, Ziwa Naivasha." Picha ilibaki nzuri vilevile. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa ikisema kweli, na mtu angeweza kuitumia kujifunza jambo juu ya ndege, juu ya nahodha, na juu yetu sisi wenye kamera.

Nilipofika nyumbani niliitungua picha yangu ya sebuleni, nikaandika maneno kama hayo chini yake, nikairudisha ukutani. Wageni wawili wamekwisha yasoma. Mmoja alicheka. Wa pili aliniuliza maswali mengi kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu ya picha ile, na nilifurahi kumjibu bila kuficha kitu. Wazee walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika miaka mingi, lakini nayo ilikuwa na mwisho.